Kabla ya modeli, mpango: namna ya kuitumia BIM katika mradi wa ujenzi

Mwaka 2011 kampuni ya bima ya XL, iliyokuwa ikiwakatia bima wasanifu majengo na wahandisi nchini Marekani, ilieleza hadharani dai lililohesabiwa wakati ule kuwa la kwanza kujulikana kutokana na matumizi ya BIM, yaani kulisanifu jengo kama modeli ya kompyuta inayobeba taarifa za kila sehemu yake (kwa Kiingereza, Building Information Modelling). Mradi ulikuwa jengo la sayansi ya viumbe la chuo kikuu. Msanifu majengo na mhandisi wa mifumo walitumia modeli ya kompyuta kupanga mabomba, njia za hewa na nyaya ndani ya nafasi finyu iliyo juu ya dari, na ndani ya modeli kila kitu kilienea. Mkandarasi alianza kufunga, akafika kiasi cha asilimia 70 ya kazi hiyo, kisha nafasi ikamwishia. Kilichokosekana ni taarifa moja: mpangilio ule wa kubanana ungewezekana iwapo tu vitu vingefungwa kwa mfuatano maalumu, na mfuatano huo hakuna aliyemweleza mkandarasi. Mkandarasi akamshitaki mwenye jengo, mwenye jengo akamshitaki msanifu, kampuni ya bima ikamwingiza na mhandisi, na shauri likaishia kwenye mapatano yaliyogharimu fedha nyingi.

Kisa hiki kinaonyesha penye udhaifu katika miradi mingi inayotangaza kwamba inatumia BIM. Kompyuta zilikuwapo, programu zilikuwapo, na watu wenye ujuzi walikuwapo. Hapakuwa na makubaliano ya wazi kuhusu nani anampa nani taarifa gani, lini, na kwa ajili ya uamuzi gani. Makubaliano ya namna hiyo, yakiandikwa, ndiyo yanayoitwa mpango wa utekelezaji wa BIM, na makala haya yanaeleza jinsi mpango huo unavyotengenezwa, mambo gani ndani yake ni ya lazima, na yapi huandikwa kwa mazoea tu.

Kwanza tuelewane kuhusu BIM yenyewe, maana jina hili hutumiwa ovyo. Mchoro wa kawaida wa kompyuta ni mistari: anayeutazama ndiye anayejua kwamba mistari miwili sambamba ni ukuta. Katika BIM, ukuta ni kitu kinachojitambua. Unabeba urefu wake, unene wake, aina ya tofali, muda unaoweza kuhimili moto, na unaujua mlango uliotobolewa ndani yake, kiasi kwamba mlango ukisogezwa, ramani ya sakafu, mwonekano wa upande na jedwali la milango hubadilika kwa pamoja. Wazo hili si jipya. Charles Eastman alilieleza nchini Marekani katikati ya miaka ya 1970, wakati kompyuta zenye uwezo huo zilikuwa chache na ghali. Programu ya BIM ya ArchiCAD ilitoka Hungaria katika miaka ya 1980, na nyingine, Revit, ilianza kuuzwa mwaka 2000 kabla ya kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002. Picha ya kuvutia ya jengo lenye miti na magari, ambayo wateja wengi hudhani ndiyo BIM, inaweza kutengenezwa bila taarifa hata moja ndani yake. Haina msaada kwa mkadiriaji majenzi wala kwa fundi bomba.

Serikali ndizo zilizolisukuma jambo hili kutoka ofisi za wasanifu hadi kwenye mikataba. Shirika la majengo ya serikali la Finland lilianza kudai modeli katika miradi yake Oktoba 2007. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba miradi ya serikali kuu italazimika kutumia BIM kufikia 2016, na sharti likaanza Aprili mwaka huo. Singapore ilipofika 2015 ilikuwa inataka michoro ya majengo mapya yanayozidi mita za mraba 5,000 iwasilishwe kwa modeli ili kupata kibali. Uzoefu wa Uingereza ndio uliozaa viwango vya kimataifa vya kusimamia taarifa za ujenzi, ISO 19650, vilivyoanza kutolewa mwaka 2018. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mlango ulio karibu zaidi ni mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika katika miradi mingi mikubwa yenye fedha za benki za maendeleo: matoleo yake ya 2017 yana maelezo ya ushauri kwa miradi inayotumia BIM. Maelezo hayo yanaonya tu. Kazi ya kupanga wanaachiwa wahusika.

Anza na matumizi, programu baadaye

Mwongozo ulioenea zaidi kuhusu upangaji huu ulitolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani kuanzia mwaka 2009. Hatua zake ni nne: kuainisha malengo ya mradi na matumizi ya BIM yatakayoyatumikia, kuchora mtiririko wa kazi, kueleza taarifa zitakazobadilishwa kati ya wahusika, na mwisho kupanga miundo ya kuyabeba yote hayo, yaani mikataba, teknolojia na njia za mawasiliano. Programu za kompyuta zinaingia katika hatua ya nne. Katika miradi mingi mpangilio hugeuzwa, kikao cha kwanza kikawa cha kujadili leseni na kompyuta zitakazonunuliwa, na swali la modeli itatumika kuamua nini likaulizwa baada ya fedha kutumika.

Mwongozo huo uliorodhesha matumizi 25, kuanzia kuchambua eneo la ujenzi, kupima kiasi cha vifaa, kuratibu mifumo na kupanga ratiba, hadi kusimamia matengenezo ya jengo lililokwisha. Ukatoa na shauri moja ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyomo: kuchagua kuanzie mwisho. Anza na yule atakayeliendesha jengo, uliza atahitaji kujua nini, kisha rudi nyuma kwenye ujenzi, usanifu, hadi upangaji wa awali, kwa sababu taarifa inayohitajika mwishoni lazima mtu fulani awe ameiingiza mapema, na mtu huyo hataiingiza asipoambiwa. Kila matumizi yapimwe kwa maswali matatu: yana faida gani kwa mradi huu, nani atayabeba, na je, mtu huyo ana vifaa, ujuzi na uzoefu wa kuyabeba?

Tuchukue hospitali ya ghorofa tano inayojengwa kwa fedha za umma, mradi wa kufikirika lakini wa kawaida. Uratibu wa mifumo una faida kubwa hapo, kwa kuwa juu ya dari za wodi na vyumba vya upasuaji hupita mabomba ya oksijeni, maji safi, maji taka, njia za hewa, nyaya za umeme na za mawasiliano. Taarifa za vifaa kwa ajili ya matengenezo zina faida pia, maana jenereta, lifti na mashine za hewa zitahudumiwa kwa miongo kadhaa. Kuigiza ratiba ya ujenzi kwa video kunapendeza katika kikao cha wakubwa, lakini kama kiwanja ni kipana na hakuna msongamano wa kreni wala majengo jirani, kunabadilisha uamuzi gani? Kama hakuna anayeweza kuutaja uamuzi huo, matumizi hayo yaondolewe. Mpango wenye matumizi matatu yanayotekelezwa kweli ni bora kuliko wenye kumi na tano yaliyonakiliwa kutoka kwenye mradi wa watu wengine, ambao mara nyingi hutambulika kwa jina la mradi wa zamani lililosahauliwa katika ukurasa wa saba.

Matumizi yanayodhaniwa kuwa rahisi ndiyo yanayohitaji kupangwa kwa makini zaidi, na mfano wake ni kupima kiasi kwa ajili ya BOQ, yaani orodha ya kiasi cha kazi na vifaa. Mwenye mradi huambiwa kwamba modeli itatoa kiasi chote kwa kubonyeza kitufe. Kitufe kipo, ila kinatoa kile tu kilichochorwa, kwa namna kilivyochorwa. Msanifu aliyechora ukuta mmoja mrefu kutoka sakafu ya chini hadi paa, kwa kuwa kwa jicho ni uleule, amemnyima mkadiriaji kiasi cha kila ghorofa. Boriti na slabu zilizoachwa zipishane katika modeli zinaweza kuhesabu zege ileile mara mbili. Mbao za fomu, uchimbaji wa msingi na sehemu kubwa ya nondo kwa kawaida hazimo kabisa, kwa sababu msanifu hana haja nazo. Tena kanuni za upimaji zina taratibu zake kuhusu nini kinakatwa na nini kinaachwa pale penye dirisha au kona, na programu iliyotengenezwa kwingine haizijui. Kwa hiyo matumizi haya yakichaguliwa, mkadiriaji majenzi lazima akae na msanifu na mhandisi kabla ya modeli kuanza, wakubaliane vitu vitakatwa wapi, vitapewa misimbo gani, na vipi vitaendelea kupimwa kwa mkono. Makubaliano hayo hayazidi kurasa mbili au tatu. Yasipokuwapo, mkadiriaji hataiamini modeli, atapima upya kutoka kwenye michoro, na mradi utakuwa umelipia kazi moja mara mbili.

Nani anampa nani nini

Hatua ya kueleza taarifa zitakazobadilishwa ndiyo kiini cha mpango wote, na ndiyo inayochosha kuiandika. Kinachotakiwa ni jedwali ambalo kwa kila sehemu ya jengo, iwe msingi, nguzo, kuta, milango au mabomba, linaonyesha nani anaitengeneza, nani ataitumia, itakuwa tayari lini, na itaaminika kwa kiasi gani katika tarehe hiyo. Kwa jambo hili la mwisho, chama cha wasanifu majengo cha Marekani kilileta mwaka 2008 ngazi kutoka 100 hadi 500. Katika 100 kitu kinawakilishwa kwa alama au kwa wazo la jumla. Katika 200 kina umbo na ukubwa wa kukadiria. Katika 300 vipimo na mahali pake vimeamuliwa. Katika 400 kina maelezo ya kutosha kutengenezwa na kufungwa. Na 500 ni hali iliyothibitishwa baada ya kujengwa. Baadaye iliongezwa 350, kwa ajili ya uratibu baina ya mifumo.

Kosa linaloonekana sana ni kuandika kwamba modeli yote itakuwa katika ngazi ya 400. Hakuna modeli iliyo katika ngazi moja. Katika wiki ileile nguzo zinaweza kuwa 300 huku kabati za jikoni zikiwa 100, na hakuna aliyekosea. Ngazi ni ahadi juu ya kitu fulani kwa tarehe fulani, na kazi yake ni kumwambia mwenzako anaweza kukitegemea kitu hicho kwa uamuzi gani. Wingi wa maelezo kwa macho nao unahadaa: bomba la sinki lililopakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji linaweza kuonyesha hadi hesi za skrubu zake, ilhali ukuta utakaobeba sinki hilo haujaamuliwa. Mhandisi anayeona umbo lililokamilika hudhani uamuzi umekamilika, akaelekeza mabomba yake hapo, na wiki mbili baadaye ukuta unahama. Viwango vipya vya Ulaya na ISO vinajaribu kuliondoa tatizo hili kwa kutenganisha umbo, data na nyaraka, kila kimoja kikaelezwa kivyake kulingana na lengo. Huo ni utenganishi mzuri hata kwa mradi usiofuata kiwango chochote rasmi.

Kisa cha dari ya chuo kikuu kinaangukia hapa. Jedwali la mradi ule lingepaswa kuwa na mstari unaosema kwamba mhandisi wa mifumo atampa mkandarasi, pamoja na mpangilio wa mabomba, mfuatano wa ufungaji ambao mpangilio huo unautegemea. Umbo lilipita kutoka mkono hadi mkono, nia iliyolizaa haikupita. Ndiyo maana jedwali halitakiwi kuandikwa na mtaalamu wa BIM peke yake. Liandikwe na wanaopokea, kwa sababu mpokeaji ndiye anayejua asichokijua.

Yako pia makubaliano ya kiufundi yasiyo na mvuto wowote, ambayo yakikosekana hakuna kitu kingine kinachofanya kazi. La kwanza ni sehemu ya kuanzia kupima. Modeli ya msanifu, ya mhandisi wa miundo na ya mhandisi wa mifumo zikitumia nukta tofauti za mwanzo, zikiunganishwa kila moja hukaa mahali tofauti na nyingine. Afrika Mashariki tuna kishawishi cha ziada: ramani nyingi za upimaji za Kenya na Tanzania ziko katika mfumo wa zamani wa Arc 1960, wakati vifaa vya GPS hutoa majira, yaani namba za kuonyesha mahali, katika mfumo wa WGS 84, na tofauti ya nukta moja baina ya mifumo hiyo miwili ni karibu mita 300. Mpima ardhi aingizwe katika kikao cha kwanza, mfumo mmoja utajwe kwa jina, na alama moja ya kiwanjani ipewe majira na kimo vitakavyotumiwa na wote.

La pili ni toleo la programu. Faili la Revit lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika la zamani, na hakuna njia ya kulirudisha nyuma. Ofisi moja ikihuisha programu yake katikati ya mradi bila kuwaambia wenzake, wenzake wanabaki nje. Watengenezaji wa ndege waliwahi kulilipia funzo la namna hii: mwaka 2006 Airbus ilichelewa vibaya kuikabidhi ndege ya A380 baada ya nyaya zilizoandaliwa Hamburg kutoenea kwenye ndege huko Toulouse, na sababu mojawapo iliyotajwa ni timu kutumia matoleo tofauti ya programu ileile ya usanifu. Pale ambapo ofisi zinatumia programu tofauti, muundo wa wazi wa IFC, uliopitishwa kuwa kiwango cha ISO 16739 mwaka 2013, huruhusu modeli kupita baina yao, ingawa baadhi ya taarifa hupotea njiani. Kabla ya kuutegemea, jaribio lifanyike kwa chumba kimoja chenye ukuta, mlango, dirisha na bomba: kitolewe upande mmoja, kifunguliwe upande wa pili, kionekane kimefika na nini. Jaribio hilo ni la siku moja.

Ghala la taarifa na funguo zake

ISO 19650 inataka kila mradi uwe na mahali pamoja pa kutunzia taarifa, na kila faili liwe katika hali moja kati ya nne: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa kwa wenzake, iliyoidhinishwa kutumika, au kumbukumbu. Wazo ni jepesi lakini linatibu maradhi sugu ya ujenzi, ya watu wawili kujenga kwa matoleo mawili ya mchoro mmoja. Ghala lenyewe linaweza kuwa huduma ya kulipia yenye kila kitu, au folda nne zilizopangwa vizuri kwenye seva zikiwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuhamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine. Kwa mradi wa ukubwa wa kati hilo la pili linatosha, na mahali ambapo intaneti ni ya kusuasua ni salama zaidi, mradi nakala zinatunzwa. Kinachoharibu ni kundi la WhatsApp. Mchoro ukishatumwa humo hauna hali, hauna toleo, na hauna njia ya kuitwa urudi.

Swali ambalo mipango mingi huliruka ni nani anamiliki ghala na nini kitatokea watu wakikosana. Mahakama ya London ililazimika kulijibu mwaka 2017, katika shauri la Trant Engineering dhidi ya Mott MacDonald. Trant alikuwa mkandarasi wa kituo cha umeme katika kambi ya jeshi la Uingereza visiwani Falkland, mradi wa takriban pauni milioni 55, na Mott MacDonald ndiye aliyefanya usanifu na kusimamia ghala la taarifa za mradi. Pande hizo zikagombana kuhusu malipo. Mott MacDonald akazifuta nywila za kuingilia, na mkandarasi akajikuta kiwanjani bila data za usanifu wa jengo analolijenga. Jaji aliamuru afunguliwe ghala, kwa sharti kwamba Trant aweke mahakamani pauni 475,000 hadi ugomvi wa msingi usuluhishwe. Waliotoka hapo na hekima wanaandika mambo mawili katika mpango: ghala liwe chini ya jina na malipo ya mwenye mradi mwenyewe, na nakala kamili ipatikane kwake kila mwezi pasipo kuomba.

Modeli zikishakuwa mahali pamoja, vikao vya uratibu vinaanza, na hapa mpango unatakiwa kuwa mkali. Ukaguzi wa migongano ukiendeshwa kwa mara ya kwanza hutoa orodha ya maelfu, mingi yake ikiwa si kitu: bomba linalopita kwenye ukuta wa tofali ambao fundi atautoboa tu. Mpango useme ni mifumo ipi inakaguliwa dhidi ya ipi, nafasi inayovumilika ni milimita ngapi, nafasi gani iachwe kwa mikono ya fundi atakayefungua vali baadaye, na nani anampisha nani. Utaratibu wa kupishana una mantiki yake. Bomba la maji taka hutegemea mteremko na haliwezi kupanda ili lipite juu ya kizuizi, kwa hiyo linawekwa kwanza. Njia kubwa za hewa zinafuata kwa sababu ya ukubwa wake. Mabomba yenye shinikizo na nyaya, vinavyoweza kupinda, huja mwisho. Utaratibu huu ukiandikwa mapema, nusu ya mabishano yanakufa kabla ya kikao. Kila mgongano unaobaki upewe mwenye kuutatua na tarehe, na asiyehudhuria asiachiwe mgongano umsubiri.

Hata hivyo jengo hujengwa na mafundi wenye michoro ya karatasi mikononi, na kwa mikataba mingi tunayoitumia mchoro ndio hati ya mkataba. Mpango lazima useme modeli na mchoro vikitofautiana kipi kinashinda, na useme kwamba michoro yote hutolewa ndani ya modeli. Modeli nyingi hufa katika hatua hii bila mtu kugundua. Mkandarasi anahitaji marekebisho ya ngazi kufikia kesho asubuhi, mchoraji anaona ni haraka zaidi kurekebisha mchoro peke yake katika AutoCAD, programu ya kuchorea mistari, na mchoro unatumwa. Kuanzia jioni hiyo modeli inasimulia jengo lisilokuwapo. Sababu haikuwa uzembe. Ratiba ya mradi haikutenga muda wa kurekebisha modeli, na muda huo ni jambo la kupanga.

Na muda ni fedha za mtu. Patrick MacLeamy, msanifu wa kampuni ya HOK, alieleza kwa mchoro wake wa 2004 kwamba gharama ya kubadilisha usanifu hupanda kadiri mradi unavyosonga huku uwezo wa kuathiri gharama ukishuka, kwa hiyo juhudi zihamie mwanzo. BIM inazihamisha kweli. Lakini kama mkataba wa mshauri unamlipa kidogo katika hatua ya usanifu wa awali na fungu kubwa anapotoa michoro ya kina, anayetekeleza BIM kwa uaminifu anafanya kazi miezi kadhaa kwa fedha zake. Mwenye mradi anayeandika sharti la BIM bila kugusa mgawanyo wa malipo atapata BIM ya jina, na sioni haki ya kumlaumu mshauri.

Ugumu mwingine unatokana na utaratibu wetu wa zabuni, ambapo usanifu hukamilika, BOQ hutengenezwa, ndipo mkandarasi apatikane. Nusu ya watu ambao mpango unawahusu hawapo unapoandikwa. ISO 19650 inalikabili hili kwa kuwa na mpango wa hatua mbili: mzabuni hutoa maelezo ya awali ya jinsi atakavyotimiza matakwa ya taarifa ya mwenye mradi, na akishinda, mpango kamili huandikwa pamoja na makandarasi wadogo wake. Matakwa hayo ya mwenye mradi lazima yawe ndani ya nyaraka za zabuni. Yakiletwa baada ya mkataba kusainiwa, mkandarasi ana haki ya kuyadai malipo ya ziada.

Anayepata hasara kubwa zaidi taarifa zisipopangwa ni mwenye jengo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikadiria mwaka 2004 kwamba mifumo ya taarifa kutosomana katika sekta ya majengo makubwa nchini humo iligharimu dola bilioni 15.8 kwa mwaka, na takriban theluthi mbili ya hasara hiyo iliwaangukia wamiliki na waendeshaji, si wasanifu wala wakandarasi. Mwendeshaji hana haja na modeli nzito ambayo kompyuta ya ofisi yake haiwezi kuifungua. Anahitaji kujua mashine ya hewa iliyo juu ya wodi namba tatu imetengenezwa na nani, iliwekwa lini, dhamana yake inaisha lini, inatumia chujio gani, na swichi yake iko wapi. Muundo wa COBie, ulioanzishwa na wahandisi wa jeshi la Marekani mwaka 2007, hukusanya mambo hayo katika majedwali yanayofunguka hata kwa Excel, na kwa hospitali yetu ya ghorofa tano jedwali la safu kumi kwa vifaa mia mbili muhimu lina faida kuliko modeli kamili isiyo na mtu wa kuitunza.

Safu hizo hazijazwi wiki ya makabidhiano, wakati mkandarasi mdogo wa viyoyozi ameshaondoka na namba za mashine ziko juu ya dari iliyokwisha kufungwa. Zijazwe kila kifaa kinapowasili kiwanjani, na malipo ya kifaa hicho yafungamanishwe na kujazwa kwake. Miezi kadhaa kabla ya kumaliza, fundi wa matengenezo wa hospitali apewe majedwali ya ghorofa moja iliyotangulia na aambiwe akitafute kifaa chochote anachokitaka. Kila anachokosa kinaongezwa kwenye mpango wakati mkandarasi angali kiwanjani na fedha zake za mwisho hazijalipwa.